Chafya za Fundi

Kila asubuhi fundi alianza kazi kwa namna ile ile. Aliondoa shuka lililofunika cherehani. Akaifuta vumbi. Akatia tone la mafuta mahali panapolia. Halafu akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, huku akisikiliza. Cherehani yake ilikuwa ya zamani, na aliijua kama mtu anavyoijua sauti ya mwenzake. Ikizunguka laini, mambo ni mazuri. Ikikwaruza, kuna uzi umenasa mahali.

Asubuhi hiyo ilizunguka laini kabisa. Fundi akaweka kola ya gauni jeupe chini ya sindano. Akakanyaga. Mshono ukaanza kwenda, umenyooka kama uliopigwa rula.

Mara pua ikamwasha.

Akakunja uso, akabana pumzi. "Si sasa," alijisemea. "Ngoja basi nifike kwenye kona."

Pua haikungoja. Ilitoka chafya moja kubwa, na mguu ukakanyaga kwa nguvu bila yeye kutaka. Cherehani ikakimbia. Mshono ukaiacha kola ukaenda zake begani, kama mlevi aliyepotea njia ya kwao.

Zikafuata chafya nyingine, moja juu ya nyingine. Alipomaliza kufuta machozi, aliona jicho moja la njano likimtazama. Lilikuwa jicho la paka mnene aliyelala juu ya kapu la mabaki ya vitambaa. Paka huyo aliitwa Meneja. Alipewa jina hilo kwa sababu alisimamia kila kazi, na hakuna hata moja aliyoifanya. Mwenzake, Jivu, alikuwa amejikunja juu ya meza ya kukatia, kwenye suruali ya mteja.

"Pole, mwanangu," sauti ikasema mlangoni. "Nimekuletea chai."

Alikuwa mama mkwe wake, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alikuja hadi kwenye cherehani, akainama kukiweka. Nguo yake ikamgusa fundi begani.

Fundi akapiga chafya tena. Safari hii ilikuwa karibu kabisa na uso wa mama mkwe.

"Ni vumbi tu, Mama," alisema haraka. "Vumbi la vitambaa."

Mama mkwe alimtazama kidogo, akageuka, akatoka. Meneja akashuka kwenye kapu akamfuata, mkia juu.

Mama huyo alikuwa amehamia kwao tangu mvua zilipoisha. Mumewe alikuwa amefariki, na paa la nyumba yake lilikuwa linavuja kila upande. Mwanawe, mume wa fundi, ambaye ni dereva wa gari la mikate, alikwenda kumchukua. Alirudi na mama, sanduku moja, na paka wawili ndani ya boksi.

"Hawa ndio walionishika mkono baba yenu alipoondoka," mama alisema siku ile. "Nisingeweza kuwaacha."

"Karibu, Mama," fundi alisema. Alitaka kusema zaidi. Yeye mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na siku ile moyo wake ulijaa furaha. Lakini fundi alikuwa mtu wa haya. Maneno yake mengi yaliishia kooni. Akachukua sanduku, akalipeleka chumbani.

Mwanzoni walikaa vizuri. Mama mkwe alijua kushona vifungo kwa mkono, na vifungo vyake havikung'oka hata ukivuta kwa meno. Walikaa pamoja chumba cha kazi. Mmoja akikanyaga cherehani, mwingine akishona vifungo. Mama alisimulia vituko vya mwanawe alipokuwa mdogo, fundi akacheka mpaka mshono ukapinda.

Kisha zikaanza chafya. Kisha macho kuwasha. Kisha kifua kikaanza kubana, na usiku kikatoa sauti nyembamba kama filimbi. Fundi aliona jambo moja lililomtisha. Mama mkwe akikaa karibu, hali inakuwa mbaya. Akienda sokoni, inakuwa nafuu. Hakujua la kufanya. Siku moja akamwambia, "Mama, kaa kule uani, kuna upepo mzuri."

Alidhani ametumia lugha ya adabu. Mama mkwe alichukua kopo lake la vifungo, akaenda kukaa uani peke yake. Tangu hapo vituko vya utotoni havikusimuliwa tena.

*

Gauni jeupe lilikuwa la nesi wa kituo cha afya cha jirani. Alikuja kulijaribu jioni ya siku ile. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, aliyeongea na kila mtu kama ndugu yake.

Alivaa. Akajitazama kwenye kioo. Akainua mkono wa kulia, ukainuka. Akainua wa kushoto, gauni zima likapanda nao.

"Fundi," alisema. "Mimi nina mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Wewe umenishonea wa kulia na wa kulia."

Fundi akashika kichwa. "Jamani, nesi, nisamehe! Nitafumua sasa hivi. Ni hivi vidonge vya mafua. Nikimeza nasinzia hapa hapa kwenye cherehani."

"Vidonge gani? Nani kakupa?"

"Nimenunua dukani tu."

Nesi akaacha kucheka. Akavuta kiti akakaa, na ule mkono ukiwa bado umemkaba. "Mafua haya yameanza lini?"

"Hata sikumbuki. Yanakuja na kuondoka."

"Una homa?"

"Hapana."

"Kamasi ni nzito, au maji maji tu?"

"Maji tu. Na macho yanawasha. Nikiyasugua ndiyo nayaamsha."

"Na kifua? Maana kutoka hapa nilipokaa nasikia kama mtu ameficha filimbi."

Fundi akatazama chini. Paka Jivu akapita katikati yao, akajisugua kwenye miguu ya fundi. Fundi akapiga chafya, na tena, na tena.

Nesi akamtazama paka. Akamtazama fundi. "Aha," alisema.

"Shii!" Fundi aliweka kidole mdomoni. "Nesi, nakuomba, sema polepole. Mama yuko uani. Hao paka ni wake. Akisikia atadhani namfukuza."

"Kwa hiyo umeamua kuumwa kwa siri?"

"Nimeamua kuvumilia."

"Kifua hakivumiliwi, fundi. Kesho njoo kituoni daktari akupime. Na hivyo vidonge vya kusinzisha viache. Siku moja utashona kidole chako, na mimi ndiye nitakayekuja kukufumua."

Kesho yake fundi alikwenda. Daktari alisikiliza kifua chake mbele na nyuma. Alimwambia apulize kwa nguvu kwenye kijibomba fulani. Akamuuliza maswali mengi: anaishi na nani, analala wapi, dalili zinazidi mahali gani. Mwisho akasema, "Una mzio, ule ambao watu wengi wanauita aleji. Kwa maelezo yako, kinachouamsha ni paka. Na kifua chako kimeanza dalili za pumu. Umefanya vizuri kuja."

"Lakini daktari, mama mkwe wangu ameishi na paka miaka yote. Mbona yeye hapigi chafya?"

"Kila mwili una mlinzi wake," daktari alisema. "Mlinzi kazi yake ni kuzuia magonjwa yasiingie kama wezi. Wa mama mkwe wako akimwona paka, anampungia mkono, pita. Wako anamwona paka yule yule, anapiga kengele na kurusha mawe. Hizo chafya, machozi, na kubana kifua, ndiyo kelele za mlinzi wako. Paka hana kosa. Wewe pia huna kosa."

Alimpa dawa ya mzio isiyosinzisha na kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Akamwonyesha jinsi ya kukitumia. "Njia ya uhakika zaidi ni paka kuhamia kwingine," alisema. "Kama hilo ni gumu, basi wasiingie kabisa unapolala na unapofanyia kazi. Tujaribu hivyo. Utarudi nikupime tena. Kifua kisipotulia, tutazungumza upya."

*

Fundi alipanga kumwambia mama mkwe taratibu, kwa maneno mazuri. Aliyapanga njiani kote. Lakini jioni, wakati wa chakula, mumewe aliuliza, "Daktari kasemaje?" Naye akamjibu kwa sauti ya chini, "Ni paka."

Mume wake alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki kama za gari lake. "Paka!" alisema kwa nguvu. "Basi dawa ni rahisi. Watoke. Leo leo."

Kijiko cha mama kikasimama katikati ya sahani na mdomo.

"Mama, sina maana..." mume akaanza.

"Nimeelewa, mwanangu. Kwenu hapa."

"Mama," fundi alisema. Wote wawili wakamgeukia. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. "Kama utakavyoona wewe, Mama," alisema.

Mama mkwe aliinuka, akawachukua paka, mmoja kila kwapa. Akawapeleka kwenye kibanda cha kuni nyuma ya nyumba. Akawatandikia gunia. Tangu siku ile hawakuingia ndani tena.

Siku zilizofuata alikaa uani, akishona. Hakushona vifungo tu. Kuna kitu kingine alikuwa akikishona, akikificha kila fundi akipita. Siku moja akamwita. "Shika," alisema, bila kumtazama usoni. "Umesema usiku kifua kinabana. Mtu wa kifua alale kichwa kikiwa juu."

Ulikuwa mto wa kulalia, mnene, umeshonwa kwa mkono, na pindo lake limenyooka kuliko hata la cherehani. Fundi akaukumbatia. "Asante, Mama," alisema. Hayo tu ndiyo yaliyotoka. Usiku huo aliulalia. Usiku uliofuata akaulalia tena.

Na hali ikawa mbaya zaidi.

Hakuna aliyeelewa. Paka hawakuwemo ndani. Dawa alikuwa anatumia. Mchana alikuwa na nafuu kidogo, lakini kila akiamka kifua kilikuwa kizito kuliko jana yake, na macho yamevimba kama aliyepigwa.

Mama mkwe aliona. Siku moja alisimama kwenye mlango wa chumba cha kazi, asivuke kizingiti. "Mwanangu, niambie kweli," alisema. "Paka hawamo, na chafya zimo. Nikija karibu unapiga, nikienda mbali unanyamaza. Basi mzio wako si paka. Mzio wako ni mimi."

"Hapana, Mama! Si hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Fundi alifungua mdomo, akapiga chafya.

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Nimekuuliza, na pua yako imenijibu," alisema. Akaondoka.

Kulipopambazuka, mume wa fundi alikuwa anavaa viatu aende kazini. Aliona mkewe amekaa kitandani, ameinama mbele, mikono magotini.

"Vipi?"

"Sipu..." alisema fundi. Akavuta pumzi. "Sipumui... vizu..."

Hakuweza kumaliza sentensi. Shingo yake ilikuwa inabonyea kila akivuta hewa. Alikuwa ameivuta dawa yake, na bado. Mume hakungoja. Alimbeba mpaka kwenye gari la mikate, akamkalisha mbele. Mama mkwe akatoka mbio, kichwa wazi, kiatu kimoja mguuni, akapanda naye. Njia nzima alimshika mgongo, asimwache aanguke.

Kituoni walimwekea kifaa cha dawa ya mvuke usoni. Taratibu kifua kikafunguka. Rangi ikarudi midomoni.

"Mmefanya vyema kuja haraka," daktari alimwambia mume. "Mgonjwa wa kifua akishindwa kumaliza sentensi, ngozi ya shingo au mbavu ikabonyea, midomo ikageuka rangi, au dawa yake ya kuvuta isipomsaidia, msingoje kupambazuke wala mtu amalize chai. Mleteni hapo hapo."

Kisha akakunja uso. "Lakini ni nini kinamsumbua, kama paka wako nje?"

"Nikitoka zamu nitakwenda kuangalia," alisema nesi. "Gauni langu bado liko kule na mikono yake ya kulia."

*

Nesi alikuja mchana. Alizunguka nyumba kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Aliangalia chini ya kitanda. Aligusa pazia. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono nyuma, kama anayesubiri hukumu.

"Mama, shikamoo," nesi alisema.

"Marahaba. Sema tu, mwanangu. Kama ni mimi, sema."

"Mama, hata siku moja mtu hapati mzio wa mama mkwe. Kama mzio huo ungekuwepo, kituo kizima kisingetosha kwa wagonjwa."

Mama mkwe hakutaka kucheka, lakini tabasamu lilimponyoka kidogo.

Nesi akachukua mto kitandani. Akaubonyeza. "Mto mzuri huu. Nani kashona?"

"Mimi," alisema mama mkwe, na mgongo ukanyooka. "Nilimshonea alale vizuri."

"Umejaza nini ndani?"

"Mabaki ya vitambaa. Yako mengi hapa kwa fundi. Nilichukua yale laini, yaliyokwisha kulainika."

"Uliyatoa wapi?"

"Kwenye lile kapu la chumba cha kazi. Lile alilokuwa analalia..."

Mama mkwe aliuangalia mto. Alimwangalia fundi aliyeegemea ukuta, bado amechoka.

"Lile alilokuwa analalia Meneja," akamaliza, kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Nimemlaza mtoto wa watu juu ya paka."

"Mama, usijilaumu," nesi alisema, akamshika mkono akamkalisha. "Wengi hawalijui hili. Watu wanadhani paka akitoka, yote yametoka. Sivyo. Wala si manyoya yenyewe yanayoleta mzio. Paka hujilamba kutwa nzima. Mate yakikauka kwenye manyoya yanakuwa unga mwembamba usioonekana. Ngozi yake nayo inapukutika. Unga huo unaruka, unashika mapazia, magodoro, viti, hata ukuta. Unaweza kubaki miezi mingi paka akiwa hayupo."

"Na nguo?" aliuliza mama mkwe.

"Na nguo. Ukimbeba Meneja, kisha ukaja kumpa fundi chai, umemletea Meneja begani mwako."

Mama mkwe alitazama nguo yake, kifuani, mikononi. "Kumbe ndiyo maana," alisema polepole. "Kumbe ndiyo maana, kila nikiingia."

"Ndiyo maana, Mama," fundi alisema.

Kisha mama mkwe akapiga makofi magotini mwake, akasimama. "Haya, nesi. Tuambie cha kufanya. Mimi kukaa nikilia siwezi."

Nesi akawaambia, na kazi ikaanza jioni ile ile mume aliporudi. Fundi mwenyewe alikalishwa nje, mbali, asivute lile vumbi. Kapu la mabaki likatolewa. Yaliyofaa yakafuliwa kwa maji ya moto, mengine yakatupwa. Kuanzia sasa mabaki yangekaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mto ukaondolewa kabisa. Zulia la chumbani likakunjwa na kutolewa. Mashuka, mapazia na foronya vikafuliwa kwa maji ya moto, na mashuka yangefuliwa hivyo kila wiki. Godoro likafutwa kwa kitambaa chenye maji, likaanikwa juani, likavalishwa kifuniko cha zipu ambacho fundi alikishona baadaye kwa kitambaa kizito.

Mume alishika fagio. Nesi akamnyang'anya. "Ukifagia makavu unaurusha unga juu, halafu unamshukia mkeo. Tumia kitambaa cha maji. Na madirisha yawe wazi."

"Hata ukuta nifute?"

"Hata ukuta."

"Mimi niliajiriwa kuendesha mikate," alisema mume, akakunja mikono ya shati.

Likabaki suala la mama na paka wake. Mume alitaka kusema kitu, fundi akamkanyaga mguu. Fundi akalifikiria usiku kucha, na asubuhi akakata kitambaa kizito cha buluu. Akashona joho refu, lenye mikono mirefu na mifuko mikubwa, linalofunika mpaka magotini. Akalipeleka uani.

"Mama, hili ni la kuvaa ukiwa na Meneja na Jivu. Ukimaliza unalivua, unalitundika kule kule kibandani. Unanawa mikono na uso kwa sabuni. Kisha unaingia ndani."

Mama mkwe alilivaa. Alijitazama. "Mbona nimekuwa fundi magari?"

"Fundi magari mzuri," alisema fundi.

Ikawa hivyo. Paka walikaa nyuma ya nyumba. Mume aliwapigilia rafu ya mbao kibandani na mlango mdogo, wasinyeshewe. Kuwalisha, kuwachana manyoya na kusafisha mahali pao, yote alifanya mama, huko huko nje. Fundi hakuwagusa. Meneja alikaa nje ya dirisha akisimamia kazi kupitia kioo. Mara moja alijipenyeza ndani, na mama mkwe alimtoa kabla fundi hajainua kichwa.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki za kwanza chafya zilikuwepo, ila chache. Fundi alitumia dawa yake kila siku kama alivyoelekezwa, hata alipojisikia mzima. Alirudi kwa daktari, akapuliza tena kile kijibomba, na daktari akatabasamu kwa kuridhika. "Endeleeni hivi hivi," alisema. "Na usiache dawa bila kuniuliza." Filimbi ya kifuani ikanyamaza. Nesi alipata gauni lake, lenye mkono wa kulia na wa kushoto. Akainua yote miwili juu mbele ya kioo kama mtu aliyefunga goli.

Mama mkwe alirudi kukaa chumba cha kazi, katika nguo safi, na kopo lake la vifungo. Alikuwa akishona, fundi akikanyaga. Lakini vituko vya utotoni bado havikurudi. Kulikuwa na kitu kati yao ambacho hakikufutika kwa kitambaa cha maji.

Alasiri moja mama mkwe alikata uzi kwa meno, akasema, "Mdogo wangu ameleta habari. Kwake kuna chumba. Mwisho wa mwezi mwanangu atanipeleka, mimi na paka wangu."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Nilitaka kuondoka zamani," mama aliendelea, akichagua kifungo kingine. "Ila sikutaka kukuacha unaumwa. Sasa umepona, nimeona kwa macho yangu. Ulinipokea vizuri. Usije ukadhani sina shukrani. Lakini mtu anajua anapokuwa mzigo. Hata asipoambiwa."

Fundi alisikia lile jibu la siku zote likija lenyewe, jibu la adabu. Lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Akageuza kiti, magoti yake yakagusana na ya mama mkwe. Alishika mikono ya mama, pamoja na sindano, pamoja na kifungo.

"Mama, usiende," alisema. "Nilikuwa nakukimbia kwa sababu sikujua naumwa nini, na niliogopa kukwambia. Sikukutoa humu ndani kwa kutokupenda. Siku ulipofika na lile sanduku nilitaka kukwambia kwamba nimekuwa nikitamani kuwa na mama tangu nikiwa mtoto, nikashindwa, nikabeba sanduku. Si mwanao anayetaka ukae. Ni mimi. Mimi ndiye ninayetaka ukae hapa."